Maswali yenu kuhusu ujasusi: Jasusi hashikwi akiiba, hushikwa akikabidhi

Barua zilizofika mezani ni nyingi na nyingine zimeuliza jambo lile lile, kwa hiyo tumechagua tisa. Mifano tumeichukua zaidi kwenye Vita Baridi, kwa kuwa mafaili ya wakati ule yameshafunguliwa na kesi zake zimeshasikilizwa mahakamani. Ya jana na juzi bado yamefungiwa kabatini, na anayejidai kuyajua yote msimwamini.

Mhariri, salaam. Hapa mtaani kwetu kila anayevaa miwani nyeusi na kuuliza maswali mengi tunamwita shushushu. Je, afisa usalama ndiye jasusi mwenyewe? (Msomaji, Tanga)

Siye, na wakichanganywa hao wawili mambo mengine yote hayaeleweki. Wa kwanza ni afisa: mwajiriwa wa serikali mwenye cheo, mshahara, likizo na pensheni. Wa pili ni raia wa nchi inayochunguzwa, mtu mwenye ufunguo wa kabati, ambaye amekubali kuyatoa yaliyomo. Afisa kwa kawaida haibi kitu. Kazi yake ni kumpata huyo wa pili, kumtunza, kupokea anacholeta na kumkinga asikamatwe. Mtaani wote ni majasusi. Hapa tutamwita wa kwanza afisa na wa pili mtoa siri.

Afisa akipelekwa ugenini lazima awe na kazi ya kujifichia. Iliyozoeleka ni ya ubalozini: katibu wa pili, mwambata wa utamaduni, mtu wa viza. Mkataba wa Vienna wa 1961 ndio mwavuli wake. Kifungu cha 29 kinakataza mwanadiplomasia kukamatwa, na nchi mwenyeji inabaki na dawa moja tu ya kifungu cha 9, yaani kumtangaza kuwa hatakiwi nchini na kumpa muda wa kufunga mizigo. Septemba 1971 Uingereza iliitumia dawa hiyo kwa maofisa 105 wa Kisovieti kwa mkupuo mmoja; 15 kati yao walikuwa nje ya nchi, wakaambiwa wasirudi.

Ubaya wa ubalozi ni kwamba mwenyeji anayo orodha ya majina na anajua kila mmoja anakaa wapi. Ndiyo maana wapo wengine wanaoishi kama raia wa kawaida, wana biashara au kazi ya ofisini, hawakanyagi ubalozini. Warusi 10 waliokamatwa Marekani Juni 2010 walikuwa wa namna hiyo, na baadhi yao walikuwa wakitumia majina yasiyo yao, wana watoto wanaosoma shule za pale pale. Hawa hawana kinga yoyote. Wakishikwa, ni jela.

Mtu mzima, ana kazi nzuri serikalini, anakubalije kuiuza nchi yake? Humroga? (Msomaji, Mombasa)

Hawamrogi, ingawa wazazi wa waliokamatwa wangependa iwe hivyo. Wanamfanyia kazi ya subira yenye hatua zinazojulikana: kumwona, kumpima, kumzoea, kumtamkia, kumtunza, na siku moja kumwacha.

Kumwona hakuanzi na mtu, kunaanza na meza. Afisa hujiuliza: karatasi ninayoitaka inapita mezani kwa nani? Mara nyingi jibu si waziri. Ni karani wa masjala, mkalimani, fundi wa mitambo ya mawasiliano. John Walker aliyewauzia Wasovieti siri za jeshi la majini la Marekani tangu 1967 hadi 1985 hakuwa admirali. Alikuwa mtu wa chumba cha mawasiliano, na alichouza ni orodha za funguo za mashine za kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na asiye na ufunguo. Mwenye orodha hizo hana haja ya kuiba barua moja moja, anazisoma zote.

Kumpima ni kutafuta kinachomsumbua moyoni. Wenyewe huvitaja vitu vinne: fedha, imani, kubanwa, na kujiona. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alikuwa na madeni, na Aprili 1985 aliingia mwenyewe ubalozi wa Kisovieti mjini Washington. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyeifanyia kazi Kuba, hakutaka mshahara. Aliona sera za serikali yake kwa Amerika ya Kati ni dhuluma, basi. Kati ya vinne hivyo, kubanwa ndiko dhaifu kuliko kunavyosimuliwa. Mtu aliyetishwa kwa picha au deni huleta kidogo kadiri awezavyo na kila siku anatafuta mlango wa kutokea. Mtu wa imani huja na mifuko miwili.

Kumzoea huchukua miezi, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Chakula cha mchana, kitabu alichokitaka, dawa ya mtoto isiyopatikana madukani. Kisha linakuja ombi dogo lisilo na ubaya: niandikie kurasa mbili kuhusu soko la saruji, gazeti letu litakulipa. Habari hiyo haina siri yoyote na afisa angeweza kuinunua kibandani. Kinachotafutwa ni mazoea ya kutoa karatasi, kupokea bahasha na kutia saini. Siku ya kutamkiwa, mtu anakuta miguu yote imeshaingia majini.

Wapo pia wanaojileta, na hao huwatia maofisa hofu kuliko wote, maana mtu anayejileta anaweza kuwa ametumwa. Adolf Tolkachev alikuwa mhandisi wa rada Moscow. Januari 1977 alimfuata mkuu wa CIA mjini humo kwenye kituo cha mafuta cha wanadiplomasia na kumtupia karatasi ndani ya gari. Hakujibiwa. Akarudi tena, na tena. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alionekana mtego. Alipokubaliwa hatimaye, picha alizopiga nyumbani kwa kamera ya Pentax iliyobanwa kwenye mgongo wa kiti ziliwaonyesha Wamarekani rada za ndege za kivita za Kisovieti zilivyo na zinavyoelekea kuwa. Kilichomsukuma ni kilichowapata wazazi wa mkewe enzi za Stalin. Fedha aliziomba, lakini aliomba pia sahani za muziki wa roki kwa ajili ya mwanawe.

Naomba mnieleze kwa kina: wanapeanaje mizigo mjini kweupe bila polisi kuona? (Msomaji, Morogoro)

Umeuliza kiini chenyewe. Kuiba karatasi ofisini si kazi kubwa kwa mtu anayeruhusiwa kuishika. Hatari iko kwenye makabidhiano, na wengi wa waliokamatwa walikamatwa hapo au kwa sababu yake.

Kanuni ya kwanza ni wawili hao wasionekane pamoja. Kwa hiyo hutumia maficho ya kuachiana mzigo. Maficho kamili yana sehemu tatu: mahali penyewe, alama ya "nimeweka", na alama ya "nimechukua". Mahali pawe ambapo wote wawili wana sababu ya kawaida ya kupita, pasiangaliwe na dirisha la mtu, na kazi yote iishe kwa sekunde chache, kama mtu anayeinama kufunga kamba ya kiatu. Alama hazikai pale pale. Huwekwa mtaa mwingine kabisa, mahali panapoonekana kutoka ndani ya gari linalopita bila kupunguza mwendo: mstari wa chaki, kipande cha gundi ya karatasi kwenye nguzo. Ames alitumia chaki kwenye sanduku la posta lililokuwa kona ya barabara za 37 na R pale Washington. Kila aliyepita aliona uchafu wa watoto.

Mambo yanayoharibika ni ya kawaida mno. Mvua inafuta chaki. Mfagizi anaondoa kifurushi kwa sababu kimefanana na takataka kupita kiasi. Kikifanana na kitu kizuri, mtoto anakiokota. Maelezo ya mahali yakiandikwa vibaya, "nyuma ya mti wa tatu", mmoja anahesabu kutoka kaskazini na mwenzake kutoka kusini.

Kabla ya kwenda, afisa huzunguka mji saa mbili au tatu: kwa miguu, kwa basi, dukani, tena kwa miguu. Wengi hudhani anakimbia wanaomfuata. Kukimbia ni kukiri. Anachotaka ni kuona sura ile ile, au gari lile lile, sehemu mbili ambazo hazihusiani. Akiiona, ananunua mkate na kurudi nyumbani, na mzigo unalala palepale hadi siku nyingine.

Sasa mtazameni Oleg Penkovsky, kanali wa ujasusi wa jeshi la Kisovieti, aliyewafanyia kazi Waingereza na Wamarekani tangu 1961. Vitabu vya mafunzo ya makombora alivyovipiga picha kwa kamera ndogo ya Minox viliwasaidia wachambuzi kuelewa makombora waliyoyaona Kuba Oktoba 1962. Maficho yake mojawapo yalikuwa ukumbini mwa jengo la Mtaa wa Pushkin, Moscow. Humo mlikuwa na simu ya umma, na mbele yake chombo cha kupashia joto kilichopakwa rangi ya kijani iliyokoza, kimeshikwa ukutani kwa kulabu moja. Mzigo ulikuwa ndani ya kiberiti kilichofungwa waya wa kijani, ukining'inia kati ya chombo na ukuta. Alama ya "nimeweka" ilikuwa doa jeusi kwenye nguzo namba 35 ya barabara ya Kutuzovsky, pamoja na simu inayopigwa bila mtu kusema.

Mahali palikuwa pazuri. Lililomponza zaidi ni makabidhiano mengine. Filamu nyingi alimpa Janet Chisholm, mke wa afisa wa ubalozi wa Uingereza, bustanini, ndani ya kisanduku cha peremende kama zawadi ya mtoto. Mchezo huo ungefaa mara mbili au tatu. Ulirudiwa, na KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, walikuwa wakimfuata mama huyo kwa sababu ya kazi ya mumewe. Wakamwona mwanamume anayetokea anapotokea yeye. Penkovsky alikamatwa tarehe 22 Oktoba 1962.

Tarehe 2 Novemba simu ikalia, na doa likaonekana nguzoni. Afisa wa ubalozi wa Marekani, Richard Jacob, akaenda, akapeleka mkono nyuma ya chombo, akakishika kiberiti, na watu wanne wakamrukia. Alama ilikuwepo, simu ilipigwa, kiberiti kilikuwepo. Mwenyewe ndiye hakuwepo. Alama husema mzigo umewekwa. Nani ameuweka, haisemi.

Kwa ajili hiyo hubuniwa ishara ya pili ya "niko huru", kosa dogo la makusudi ambalo mtu akishikwa huliacha. Nayo haisaidii kama mpokeaji hasikilizi. Machi 1942 Wajerumani walimkamata The Hague, Uholanzi, opereta wa redio aliyetumwa na Uingereza, wakamlazimisha aendelee kutuma ujumbe. Aliiacha ishara yake kama alivyofundishwa. London wakaona ni uzembe wa kawaida, wakaendelea kuwadondosha watu kwa miavuli. Zaidi ya 50 walitua mikononi mwa Wajerumani.

Marehemu babu alikuwa na redio kubwa ya masafa mafupi. Usiku ilikuwa ikitoa sauti ya mwanamke akisoma namba tano tano, bila muziki wala matangazo. Kilikuwa nini kile? (Msomaji, Muscat)

Yaelekea ilikuwa serikali fulani ikizungumza na mtoa siri wake. Uzuri wa redio ni kwamba anayesikiliza hajulikani: haachi alama popote, na kuwa na redio si kosa.

Namba zenyewe huchanganywa na daftari la namba za bahati nasibu, lenye nakala mbili tu duniani, na kila ukurasa hutumika mara moja kisha huchomwa. Tuchukue neno KESHO. Tukizipa herufi namba kwa mpangilio wa A hadi Z, A ikiwa 01, K ni 11, E ni 05, S ni 19, H ni 08, O ni 15. Tukiandika tano tano tunapata 11051 90815. Ukurasa wa daftari, tuseme, una 74826 30957. Tunajumlisha kila tarakimu peke yake bila kubeba: 1 na 7 ni 8, 9 na 3 ni 12 tunaandika 2. Kinachosomwa redioni ni 85877 20762. Aliye na ukurasa ule anatoa, akikosa cha kutoa anakopa kumi, na 11051 90815 inarudi. Asiye nao hana pa kuanzia, hata awe na kompyuta ukubwa wa nyumba, kwa sababu namba zile zile zinaweza kuwa KESHO, WATOE au neno lolote la herufi tano.

Mfumo huu haufumbuliwi ukifuatwa. Haufuatwi. Mwanzoni mwa 1942, vita vikiwa vimewabana, Wasovieti walichapisha kurasa zipatazo 35,000 mara mbili. Wamarekani walianza kuzichambua simu zao za maandishi Februari 1943, na kurasa zile pacha zikawapa upenyo. Ndio mradi uliokuja kuitwa Venona. Naye Montes, tuliyemtaja juu, alipokea namba zake kwa redio ya Sony na kuziingiza kwenye kompyuta ya mkononi. Aliagizwa azifute kabisa baada ya kusoma. FBI, makachero wa serikali ya Marekani, walipoingia kwake kwa siri 2001 na kunakili diski, walikuta vipande vimebaki.

Mtu akileta habari, wanajuaje kuwa si uongo wa kutafutia fedha? (Msomaji, Bujumbura)

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na hakuna filamu inayoionyesha kwa sababu ni watu wamekaa wanasoma.

Kwanza hutenganishwa kilichoonekana na kilichodhaniwa. Mlinzi akisema "malori sita ya silaha yaliingia usiku", aliyoyaona ni malori sita. Silaha ni zake yeye. Ripoti nzuri huandika yote mawili, kila moja pahali pake.

Kisha hutolewa alama mbili zisizotegemeana. Herufi ni ya mtu: A anaaminika kabisa, B kwa kawaida anaaminika, C kiasi, D kwa kawaida haaminiki, E haaminiki, F hatuna cha kumpimia. Namba ni ya habari: 1 imethibitishwa kwingine, 2 yaelekea ni kweli, 3 inawezekana, 4 ina shaka, 5 haielekei, 6 haipimiki. Wanafunzi hukosea wakidhani F ni mbaya kuliko E. Hapana, F ni mgeni, E ni mwongo anayejulikana. Na mtu wa A anaweza kuleta habari ya 5, kwa kuwa naye amedanganywa. Mwandishi mvivu utamjua kwa alama zake: zote ni B2.

Tatizo kubwa kuliko uongo ni habari moja kuvaa nguo nyingi. Mkimbizi wa Kiraki aliyepewa jina la siri Curveball aliwaambia Wajerumani kwamba Iraki ina maabara za silaha za vijidudu zinazotembea juu ya malori. Maelezo yake yalizaa ripoti karibu 100 za ujasusi wa jeshi la Marekani. Ukizisoma zote unaona kama ushahidi umejaa, kumbe mdomo ni mmoja, na Wamarekani wenyewe hawakuwa wamemhoji kabla ya vita. Tarehe 5 Februari 2003 maneno yake yalisomwa na Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2011 mwenyewe alikiri kuwa alitunga.

Na hata habari nzuri huharibikia kwenye maneno. Mwaka 1951 wachambuzi wa CIA waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "uwezekano mzito". Sherman Kent, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wao, akawauliza wenzake walioandika naye: kwa asilimia, mlimaanisha ngapi? Mmoja alikuwa na 80, mwingine 20, na wote walikuwa wametia saini sentensi moja. Kent akapendekeza kila neno lipewe kipimo: "karibu hakika" iwe kama 93 kwa 100, "yaelekea" kama 75, "nusu kwa nusu" 50, "yaelekea sivyo" kama 30. Sisi wenye labda, huenda, pengine na yumkini tunalielewa tatizo lake. Ukimwambia fundi "labda kesho" na yeye akasikia "kesho", mmeshaanza ugomvi.

Ni kweli kila habari inayotumiwa na mashirika haya imeibwa? (Msomaji, Kampala)

La. Nyingi iko wazi au iko kwa watu ambao hakuna aliyewauliza. Mfano uko hapo kwenu. Ndege ya Air France ilipotekwa tarehe 27 Juni 1976 na kupelekwa Entebbe, watekaji waliwaachia baadhi ya mateka, wakasafirishwa hadi Paris. Waisraeli wakawahoji mmoja mmoja: watekaji wangapi, silaha gani, mateka wanalala upande gani, askari wa Uganda wanasimama wapi. Michoro ya jengo ilipatikana kwa kampuni ya Kiisraeli ya Solel Boneh, iliyolijenga. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israeli walishuka kuwaokoa waliobaki, wakijua milango. Sehemu kubwa ya walichokijua ilitoka kwa abiria wenye kumbukumbu nzuri na kabati la mkandarasi.

Msaliti akiwa ndani ya idara yenyewe, anajuaje kujificha, na wanamgunduaje? (Msomaji, Nairobi)

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ni mgumu kwa kuwa anajua msako unavyofanywa. Dalili ya kwanza huwa vifo. Kuanzia 1985 CIA ilianza kupoteza watu wake Moscow mmoja baada ya mwingine. Tolkachev alikamatwa Juni mwaka huo na kuuawa mwaka uliofuata. Swali la kwanza huwa kama ni simu zilizosikilizwa au ni mtu. Hilo peke yake lilikula miaka.

Ukipima uongo kwa mashine usitegemee sana: Ames alipita 1986 na akapita tena 1991. Kilichomfichua ni kazi ya karani. Sandy Grimes, mmoja wa timu iliyokuwa ikimsaka, aliandika kwenye orodha moja kila kitu alichokifanya Ames kwa tarehe, kisha taarifa zake za benki zikaingizwa humo humo. Ames alikuwa na ruhusa ya kazini kukutana na mwanadiplomasia wa Kisovieti aitwaye Chuvakhin. Mei 17, 1985, chakula cha mchana na Chuvakhin. Mei 18, dola 9,000 benki. Julai 2, chakula. Julai 5, dola 5,000. Julai 31, chakula. Julai 31, dola 8,500. Orodha hiyo ilikamilika 1992. Nyumba ya dola 540,000 aliyoilipia taslimu na gari la Jaguar vilikuwa vikionekana na kila mtu miaka yote hiyo. Alisema ukweni kuna mali, wakamwamini. Alikamatwa Februari 21, 1994.

Robert Hanssen wa FBI alikuwa mjanja zaidi. Alikataa kukutana na Warusi ana kwa ana na hakuwatajia jina lake, akadumu, kwa kukatiza, tangu 1979. Lakini Warusi waliweka faili lake, na FBI wakalinunua kwa mtu wa KGB ya zamani. Ndani mlikuwa na kanda yenye sauti yake, na mfuko wa takataka aliofungia mzigo, wenye alama za vidole. Februari 18, 2001 alishikwa akitoka chini ya daraja dogo la bustani ya Foxstone, Virginia, alikoacha mzigo wake. Narudia: akikabidhi.

Usalama wa Taifa wana mamlaka ya kumkamata mtu? (Msomaji, Dodoma)

Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi ni kwamba anayekusanya habari asiwe ndiye anayekamata. MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, haina mahabusu; ikitaka mtu, polisi ndio wanaokwenda. Kwetu Tanzania, Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996 ilipotungwa, kifungu cha 5 kilisema si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au ana maoni ya kupinga. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho 2023, hivyo ukitaka kuinukuu chukua nakala mpya. Sababu ya kanuni si huruma peke yake. Anayekamata hupimwa kwa idadi ya waliokamatwa, na akiona uzi anauvuta. Mkusanyaji hutakiwa auache uzi uende hadi auone mwisho wake.

Wakishakamatwa huishia wapi? (Msomaji, London)

Inategemea ni yupi kati ya wale wawili wa jibu letu la kwanza. Tumalizie na watu wa kiberiti cha kijani. Richard Jacob alionyesha kitambulisho cha kidiplomasia, akahojiwa, akafukuzwa nchini. Greville Wynne, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekuwa mjumbe wa Penkovsky, hakuwa na kinga: alikamatwa Budapest siku ile ile ya Novemba 2, akahukumiwa miaka minane, lakini Aprili 1964 alibadilishwa Berlin na Gordon Lonsdale, jasusi wa Kisovieti aliyekuwa amefungwa Uingereza. Penkovsky alikuwa raia wa nchi iliyomshika, kwa hiyo hakuwa na wa kubadilishwa naye. Alipigwa risasi Mei 1963.